Takriri ya Besi Moja: Historia ya Dhana na Safari ya Majina Yake

Mfasiri wa taarifa za hospitali anayekutana kwa mara ya kwanza na neno "mikrosetilaiti" hujikuta mbele ya njia tatu. Anaweza kuliacha lilivyo, akaliandika kwa tahajia ya Kiswahili na kumwachia msomaji mzigo wa kulielewa. Anaweza kulivunja vipande viwili na kuandika "setilaiti ndogo", akampeleka msomaji angani ilhali maabara ilikuwa ikizungumzia utumbo wa mgonjwa. Au anaweza kuuliza kwanza jambo lenyewe ni nini, ndipo alitafutie jina. Njia hii ya tatu ni ndefu kuliko zile mbili, nayo ndiyo tunayokusudia kuifuata katika makala haya.

Jambo lenyewe, likielezwa kwa maneno ya kawaida, ni hili. Ndani ya DNA ya viumbe vya aina nyingi mno, kuanzia bakteria hadi mwanadamu, zipo sehemu ambapo herufi moja ya urithi hujirudia mfululizo, mara sita, mara kumi, pengine mara ishirini na zaidi, bila ya herufi nyingine kuingia kati. Tangu sehemu za namna hii na jamaa zake zianze kuchunguzwa, zimepewa majina mengi: polima ya aina moja, mfuatano sahili, setilaiti, hata takataka. Tutajaribu kuonyesha kwamba kila jina lilielekeza macho ya watu upande fulani, na kwamba Kiswahili, ambacho bado kinajenga msamiati wake wa elimu hii, kina nafasi ya kuchagua jina linaloeleza umbo la kitu badala ya kurithi hukumu zilizotolewa kabla kitu chenyewe hakijafahamika vema.

Herufi nne na usomaji wa tatu tatu

Kwa ajili ya msomaji asiyeshughulika na biolojia, yafaa tuanze na misingi. DNA ni uzi mrefu ulioundwa kwa nyuzi mbili zilizosokotana. Katika kila uzi zimepangwa besi za aina nne, nazo ni adenini, timini, guanini na sitosini, ambazo huandikwa kwa kifupi A, T, G na C. A ya uzi mmoja hukabiliana na T ya uzi wa pili, na G hukabiliana na C. Kwa hiyo, palipo na msururu wa A upande mmoja, hapana budi pawe na msururu wa T upande wa pili. Wataalamu wanapoutaja msururu wa A katika DNA, mara nyingi huwa wanautaja na wa T papo hapo.

Sehemu za DNA zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini husomwa besi tatu tatu, na kila kundi la tatu hutaja asidi amino moja. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili darasani kwa sentensi ya maneno yenye herufi tatu tatu: MTU ALA YAI. Tukiirudia herufi U mara moja zaidi, huku tukiendelea kusoma tatu tatu, tutapata MTU UAL AYA I. Neno la kwanza limesalimika, lakini yote yaliyofuata yameharibika, ijapokuwa hakuna herufi iliyobadilishwa. Moja tu imeongezwa. Mfano huu mdogo ndio ufunguo wa sehemu kubwa ya yatakayofuata.

Mwaka 1961

Msururu wa besi moja ulipata umaarufu kwanza ndani ya chupa ya maabara, kabla haujatafutwa katika kiumbe chochote. Mwaka 1955 Marianne Grunberg-Manago na Severo Ochoa, wakifanya kazi New York, walieleza kimeng'enya kinachoweza kuunganisha besi za RNA nje ya seli. RNA ni jamaa wa karibu wa DNA, ila mahali pa T hutumia U, yaani urasili. Kwa kimeng'enya hicho iliwezekana kutengeneza uzi wa RNA wenye U tupu, au A tupu, au C tupu. Wanakemia waliziita nyuzi hizo poli-U, poli-A na poli-C. Majina hayo yalikuwa mafupi na ya kweli: yalisema ni besi ipi, na kwamba ni nyingi.

Tarehe 27 Mei 1961, huko Bethesda nchini Marekani, Heinrich Matthaei alitia poli-U katika maji ya seli za bakteria zilizopondwa. Yeye pamoja na Marshall Nirenberg walikuwa wakitafuta namna RNA inavyoelekeza utengenezaji wa protini. Kilichopatikana ni mnyororo wa asidi amino ya aina moja tu, fenilalanini. Hivyo ilibainika kwamba UUU ndilo tamko la fenilalanini katika msimbo wa urithi. Nirenberg aliyatangaza matokeo hayo Moscow mwezi Agosti mwaka huohuo, na baada ya muda mfupi poli-A ikaonekana kutoa laisini, na poli-C kutoa prolini. Mwaka 1968 Nirenberg alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Har Gobind Khorana na Robert Holley.

Neno la kwanza la msimbo wa urithi, basi, lilisomwa kwa msaada wa uzi uliorudia herufi moja. Uzi wenye herufi mchanganyiko usingalitoa jibu hilo kwa urahisi, kwa kuwa mtafiti asingalijua ni kundi gani la herufi lililoita asidi amino gani. Unyonge wa uzi wa poli-U, yaani kutokuwa na habari nyingi ndani yake, ndio uliokuwa faida yake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1971, makundi matatu ya watafiti nchini Marekani yalichapisha ushahidi kwamba RNA nyingi zinazopeleka ujumbe katika seli za wanyama huishia kwa msururu mrefu wa A. Sehemu hiyo iliitwa mkia. Hapa mwalimu aangalie asichanganye mambo mawili. Mkia wa A wa RNA haunakiliwi kutoka katika DNA. Huongezwa na kimeng'enya maalumu baada ya RNA kunakiliwa. Msururu wa A ulio ndani ya DNA ni kitu kingine. Hata hivyo vitu hivi viwili vina uhusiano, kwani zipo RNA zenye A nyingi mwishoni ambazo hugeuzwa kuwa DNA na kupachikwa upya katika jenomu. Vipande viitwavyo Alu, ambavyo katika jenomu ya mwanadamu vinazidi milioni moja na kuchukua takriban sehemu moja ya kumi ya jenomu yote, vimeenea kwa njia hiyo, na vingi vyao huishia kwa msururu wa A. Kwa hiyo misururu mingi ya A iliyomo mwilini mwetu ni alama ya safari hizo za kale.

Setilaiti na takataka

Wakati poli-U ikifungua msimbo, watafiti wengine walikuwa wakiipima DNA kwa uzito. Mwaka 1957 Matthew Meselson, Franklin Stahl na Jerome Vinograd walieleza njia ya kuizungusha DNA kwa kasi kubwa sana ndani ya maji ya chumvi ya sesiamu, mpaka kila DNA itulie mahali panapolingana na uzito wake. DNA ya kiumbe kimoja kwa kawaida ilitulia kama mkanda mmoja mpana. Lakini mwaka 1961 Saul Kit alionyesha kwamba DNA ya panya ilifanya mkanda mkubwa na pembeni yake mkanda mdogo. Mkanda huo mdogo, ulioandamana na ule mkubwa kama mwezi unavyoiandamana sayari, ukaitwa setilaiti. Baadaye ilifahamika kwamba ulitengwa kwa sababu DNA yake ilikuwa kipande kimoja kilichorudiwa mara nyingi mno, na hivyo mchanganyiko wa besi zake ulitofautiana na wa DNA nyingine.

Tazameni sasa safari ya neno hili. Jina lilitoka katika umbo la mikanda ndani ya mashine, wala halikusema lolote juu ya DNA yenyewe. Vipande vifupi zaidi vilipogunduliwa, vikaitwa minisetilaiti. Na mwaka 1989 Michael Litt na Jeffrey Luty walipochunguza marudio ya besi mbili mbili ndani ya jeni ya msuli wa moyo, wakatumia neno mikrosetilaiti. Marudio hayo mafupi hayafanyi mkanda wowote wa pembeni. Jina lilikuwa limekwisha kukatika na chanzo chake, likabaki kama ukoo ambao hakuna amkumbukaye babu yake.

Katika lugha za Ulaya neno hilo lilikuwa na maana ya zamani ya mfuasi au mwandamizi, na wanafalaki walikuwa wamelitumia kwa miezi ya sayari karne nyingi kabla ya chombo chochote kurushwa angani. Kiswahili kililipokea neno setilaiti pamoja na vyombo vyenyewe vya angani, kikaipokea maana hiyo peke yake. Mwenzetu wa Ulaya akisikia mikrosetilaiti anaweza kufikiria kitu kidogo kinachoandamana na kikubwa. Msomaji wetu atafikiria chombo cha matangazo ya televisheni. Kutohoa neno si kosa. Kosa ni kulitohoa neno ambalo tayari limekaliwa na maana nyingine.

Jina la pili lilikuwa na madhara ya namna tofauti. Mwaka 1968 Roy Britten na David Kohne walionyesha kwamba sehemu kubwa ya DNA ya viumbe vingi vya ngazi za juu ni vipande vilivyorudiwa, vingine mara laki kadhaa. Mwaka 1972 Susumu Ohno alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya DNA yetu haiwezi kuwa jeni zinazofanya kazi. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: kama DNA yote ingekuwa na kazi, mabadiliko mabaya yanayotokea katika kila kizazi yangetulemea. Ili kuieleza sehemu hiyo isiyo na kazi, alitumia neno takataka.

Haki itendeke kwa Ohno. Hesabu yake haikuwa ya kipuuzi, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba DNA yote, au hata iliyo nyingi, ina kazi. Lakini neno takataka lilipotoka katika hoja yake na kuingia katika vitabu vya shule na magazeti, lilikoma kuwa dhana ya kupimwa, likawa hukumu. Mtu haoni haja ya kuchambua jalala. Mfasiri aliyeandika "DNA takataka" katika kitabu cha kidato alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba shauri limekwisha, ilhali uchunguzi wa misururu hiyo ulikuwa ndio kwanza unaanza.

Mtelezo

Dhana iliyosaidia zaidi kuielewa misururu ya besi moja ilitolewa mwaka 1966, kabla ya neno takataka kuenea. George Streisinger na wenzake walikuwa wakichunguza jeni moja ya virusi vya bakteria viitwavyo T4. Waliona kwamba nyongeza na upungufu wa besi hutokea hasa mahali ambapo besi zinajirudia, wakapendekeza maelezo yafuatayo. Wakati wa kunakili, nyuzi mbili za DNA huachana kidogo na kushikana tena. Mahali penye herufi tofauti, kila besi hupata mwenziwe kwa urahisi, kwa kuwa jirani zake humwonyesha mahali pake. Mahali penye A mfululizo, A ya tano na A ya sita hazina tofauti. Uzi unaweza kushikana tena ukiwa umeteleza hatua moja mbele au nyuma, na nakala ikatoka na A moja zaidi au moja pungufu.

Waliopata kunakili miswada kwa mkono wanalifahamu kosa hili. Mnakili anayenakili beti zenye kituo kinachojirudia huinua macho kutazama karatasi yake, na anapoyarudisha kwenye mswada, huweza kuangukia kituo cha ubeti uliofuata, akaruka ubeti mzima, au kile cha ubeti uliopita, akauandika mara mbili. Hakukosea kusoma herufi. Alipotea kwa sababu mahali pawili palifanana.

Maelezo ya Streisinger yalitoa pia jibu la fumbo la awali. Seymour Benzer, katika uchunguzi wake mashuhuri wa virusi hivyohivyo, alikuwa ameonyesha mwaka 1961 kwamba mabadiliko hayatawanyiki sawasawa katika jeni. Yapo maeneo machache yanayobadilika mara nyingi kupita kiasi. Besi za jeni hizo ziliposomwa baadaye, maeneo mawili mashuhuri kati ya hayo yalionekana kuwa na A zilizopangana mfululizo. Na kadiri msururu unavyokuwa mrefu, ndivyo mtelezo unavyotokea mara nyingi zaidi.

Misururu katika viumbe mbalimbali

Mwaka 1984 Diethard Tautz na Manfred Renz walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba marudio ya besi moja au chache yameenea kotekote katika viumbe ambavyo seli zao zina kiini. Wao walitumia jina mfuatano sahili, jina lisilodai mengi. Tangu jenomu kamili zianze kuchapishwa katika miaka ya 1990, imewezekana kuhesabu misururu yenyewe na kulinganisha kiumbe na kiumbe. Matokeo hayafanani.

Katika jenomu ya mwanadamu misururu mirefu ya A na T ni mingi mno kuliko ya G na C, na mingi kati yake iko nje ya sehemu zinazotaja protini. Hilo halishangazi, kwa kuwa ndani ya sehemu hizo mtelezo mmoja huharibu usomaji wote unaofuata, kama tulivyoona katika MTU ALA YAI.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ambacho jenomu yake ilichapishwa mwezi Oktoba 2002, ni mfano wa pekee. Ina besi takriban milioni 23 katika kromosomu 14, na zaidi ya asilimia 80 ya besi hizo ni A au T. Tufanye hesabu kidogo. Ikiwa besi nne zingekuwa sawa kwa wingi na kupangwa kwa bahati nasibu, uwezekano wa kukuta A kumi mfululizo kuanzia mahali fulani ungekuwa mara moja katika 1,048,576. Lakini A ikiwa asilimia 40 ya besi zote, uwezekano huo unakuwa takriban mara moja katika 9,500, yaani mara 110 zaidi. Kwa hiyo mtafiti anayekuta misururu mingi ya A katika kimelea hiki hana budi kuuliza kwanza ni mingapi ingalipatikana kwa bahati tu. Wingi peke yake si ushahidi wa kazi, kama vile marudio peke yake si ushahidi wa utakataka.

Katika hamira, kazi imethibitishwa. Mwaka 1985 Kevin Struhl alionyesha kwamba misururu ya A na T iliyoko mbele ya baadhi ya jeni za hamira husaidia jeni hizo kunakiliwa, na mwaka 1995 yeye na Vishwanath Iyer walionyesha kwamba msaada huo hutokana na umbo la DNA lenyewe. Msururu wa namna hiyo ni mgumu kupindika, hivyo haukubali kwa urahisi kuzungushwa juu ya protini ambazo DNA hufungwa juu yake. Sehemu hiyo hubaki wazi, na vimeng'enya hupata pa kuingilia.

Katika bakteria wa magonjwa, mtelezo wenyewe umegeuzwa kuwa silaha. Bakteria wa kifaduro, kama ilivyoelezwa mwaka 1989, anaweza kuzima kundi zima la silaha zake kwa kuongezeka besi moja katika msururu mmoja, na kuziwasha tena besi hiyo inapopungua. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba bakteria wa homa ya uti wa mgongo anaweza kuvaa au kuvua ganda lake kwa mtelezo katika msururu wa C ulio ndani ya jeni moja ya kutengeneza ganda hilo. Hakuna bakteria mmoja anayeamua. Katika kundi kubwa wapo daima wachache walioteleza, na hali ya mazingira ikibadilika, hao wachache ndio wanaosalia na kuzaana. Kinga ya mwili iliyofundishwa kulitambua ganda hukuta wavamizi wasio na ganda.

Msururu na saratani

Tumefika sasa mahali ambapo uchaguzi wa neno unamgusa mgonjwa. Seli zetu zina protini zinazopita nyuma ya kimeng'enya cha kunakili na kurekebisha mahali ambapo besi hazikuoana au uzi umeteleza. Mwaka 1993 makundi kadhaa ya watafiti, miongoni mwao kundi la Manuel Perucho huko California, yaligundua kwamba katika baadhi ya saratani za utumbo mpana marudio mafupi yamebadilika urefu kwa wingi wa ajabu. Kundi la Perucho liliona hasa misururu ya A iliyofupishwa. Kabla ya mwaka huo kwisha, jeni ya urekebishaji iitwayo MSH2 ilitambuliwa, na mwaka uliofuata MLH1. Mtu anayerithi hitilafu katika mojawapo ya jeni hizi ana hatari kubwa ya kupata saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba, hali ambayo leo huitwa sindromu ya Lynch, kwa jina la daktari Henry Lynch.

Mwaka 1995 ilionekana jinsi msururu unavyoshiriki katika ugonjwa. Jeni ya kipokezi kimoja kinachozuia seli zisizaane ovyo ina A kumi mfululizo ndani ya sehemu inayotaja protini. Urekebishaji ukikosekana, msururu huo huteleza, usomaji wa tatu tatu huharibika, kipokezi hakitengenezwi, na seli hupoteza breki yake. Msururu ambao ungeweza kuitwa takataka ulikuwa katikati ya jambo la uhai na mauti.

Tangu hapo misururu ya besi moja imekuwa kipimo. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Bethesda mwaka 1997 ulipendekeza alama tano za kuchunguzwa katika uvimbe, mbili kati yake zikiwa misururu ya A iitwayo BAT-25 na BAT-26. Mwezi Mei 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya pembrolizumab kwa saratani zenye hali hii, zikiwa za kiungo chochote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka hiyo kuidhinisha dawa ya saratani kwa kufuata alama ya DNA badala ya kiungo ugonjwa ulipoanzia.

Hapo pana jambo linalotuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 1999 ilichapishwa kwamba katika watu wenye asili ya Kiafrika urefu wa BAT-25 na BAT-26 hutofautiana kiasili mara nyingi kuliko ilivyoonekana kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika mwenye afya anaweza kuwa na msururu mfupi aliozaliwa nao. Maabara ikiutazama uvimbe peke yake, bila kuulinganisha na damu au nyama yake iliyo nzima, inaweza kuiita dalili ya ugonjwa hali ambayo ni urithi tu. Mganga, karani na mgonjwa wanaosoma "setilaiti ndogo isiyo imara" hawana njia ya kuuliza swali hilo. Wanaosoma kwamba "msururu wa A katika uvimbe una urefu tofauti na ule ulio katika damu" wanaona mara moja kwamba ni vitu viwili vinavyolinganishwa, na wanaweza kuuliza kama ulinganisho huo ulifanywa.

Mapendekezo ya istilahi

Lugha yetu ina neno lililo tayari. Wahakiki wa ushairi wamelitumia neno takriri kwa miaka mingi kutaja urudiaji wa sauti, neno au mstari, na walimu wa sekondari wanalifahamu. Neno hili halisemi kama kilichorudiwa kina faida au hakina; mshairi mzuri na mshairi dhaifu wote hutumia takriri. Aidha, linakubali kuainishwa kwa kipimo cha kile kinachorudiwa. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

Takriri: sehemu yoyote ya DNA inayojirudia.

Takriri fupi: marudio mfululizo ya kipande cha besi moja hadi sita, mahali pa mikrosetilaiti.

Takriri ya besi moja, ya besi mbili, ya besi nne: aina za takriri fupi kwa kadiri ya kipande kinachorudiwa. Takriri ya besi moja ikitajwa kwa herufi yake, iitwe msururu wa A, msururu wa C, na kadhalika.

Mkia wa A: sehemu ya mwisho ya RNA peke yake, isitumiwe kwa DNA.

Mtelezo: kuongezeka au kupungua kwa takriri wakati wa kunakili.

Kuyumba kwa takriri fupi: hali ya uvimbe ambamo takriri nyingi zimebadilika urefu.

Urekebishaji wa besi zisizooana: kazi ya MSH2, MLH1 na wenzao.

Neno setilaiti libaki kwa vyombo vya angani na, pale historia inapodai, kwa ule mkanda wa mwaka 1961. Neno takataka litumike tu mfasiri anapoeleza hoja ya Ohno, na liambatane na jina lake.

Kutaja idadi ya besi kuna faida mahakamani pia. Nchini Tanzania matumizi ya vinasaba vya binadamu yana sheria yake tangu mwaka 2009, na taarifa za uchunguzi husomwa na mahakimu, mawakili na polisi. Vipimo vya kumtambua mtu hutegemea hasa takriri za besi nne. Takriri ya besi moja haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu huteleza hata ndani ya mashine ya maabara, na alama za kweli huchanganyika na za makosa. Taarifa inayosema "takriri za besi nne" humpa wakili kitu cha kuulizia. Taarifa inayosema "mikrosetilaiti" humfungia mlango.

Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wanaoandika au kupitia taarifa za namna hii wayajaribu maneno haya katika kazi zao, wayaweke mbele ya wanafunzi na wagonjwa, kisha watujulishe ni lipi lililoeleweka na lipi lililokwama. Istilahi ambayo muuguzi hawezi kuitamka mbele ya mgonjwa na ikaeleweka bado haijakamilika, hata kama imekwisha kuchapishwa.